Motakaa Itetemekayo Ikishikwa Breki



Miongoni mwa barua zilizotufikia mwezi uliopita imo moja ya mwalimu afundishaye milimani, upande wa Lushoto. Anaeleza ya kuwa motakaa yake hutetemeka kila ashikapo breki katika mwendo wa kasi, hata usukani ukamchezea mikononi. Alipoipeleka gereji, fundi aliiendesha kidogo barabarani, akarudi akasema, "Mwalimu, diski zimepinda kwa moto." Akazitoa, akatia mpya mbili za mbele, na motakaa ikawa njema. Baada ya miezi minne mtetemeko ukarudi. Mwalimu akaenda tena, akaambiwa neno lile lile, akanunua diski mara ya pili. Sasa umefika mwezi wa tano, na usukani umeanza kucheza kama kwanza. Anauliza: "Je, ninunue mara ya tatu? Au nimeuziwa vitu vibovu?"

Ndugu mwalimu, usinunue bado, wala usimlaumu mwenye duka. Yamkini diski zako zote nne zilikuwa njema. Tena muda ule wa miezi minne ndio unaotuonyesha njia. Kwa maana kama diski ingalikuwa mbovu tangu dukani, ungaliona mtetemeko siku ile ile ya kwanza. Ubaya uliorudi polepole una asili yake mahali pengine, nami nadhani ni pale nyuma ya diski, ambapo hapana aliyepatazama.

Ili tufahamiane, kwanza nieleze breki hizi zilivyo. Diski ni sahani ya chuma kilichomiminwa kalibuni, nayo huzunguka pamoja na gurudumu. Hukaa juu ya uso wa habu, yaani kile kitovu cha chuma kinachobeba gurudumu. Kalipa ni kama mkono unaoikumbatia sahani hiyo, na ndani yake zimo pedi mbili, moja huku na moja huku. Ukanyagapo breki, mafuta husukuma pistoni, pistoni husukuma pedi, nazo huibana sahani kama vidole viwili vibanavyo sarafu. Breki za namna hii si jambo la jana. Mwingereza Frederick Lanchester alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1902, lakini sifa zake hazikuenea mpaka mwaka 1953, motakaa ya Jaguar iliyofungwa breki za diski iliposhinda mashindano ya Le Mans huko Ufaransa.

Basi, habari hii ya "diski imepinda" imeenea duniani kote, hata kwa mafundi wa Ulaya. Carroll Smith, Mmarekani, mhandisi wa motakaa za mashindano aliyefariki mwaka 2003, aliandika ya kwamba katika miaka yake yote ya kazi hiyo, ambako breki huwaka nyekundu kama makaa, hakuona hata diski moja iliyopinda kwa moto. Wengine husema amezidisha kidogo, nami sina haja ya kushindana nao. Lakini jambo kubwa alilolifundisha limepimwa na wengi, nalo ni hili: mara nyingi sana diski itetemeshayo motakaa haikupinda, bali imekuwa nene mahali pamoja na nyembamba mahali pengine, ama imepakwa mabaki ya pedi kwa madoa yasiyolingana. Pedi zikifika penye unene, pistoni hurudishwa nyuma. Zikifika penye wembamba, hulegea. Mguu wako juu ya kanyagio hupata mapigo hayo, na usukani vile vile.

Tofauti yenyewe ni ndogo mno, wala jicho haliioni. Elfu mbili za sentimita, au mia mbili za milimita kwa kusema vingine, zatosha katika motakaa nyingi kumfanya dereva aone mapigo. Na kwa nini mtetemeko huwa mkali katika mwendo fulani, tena hupungua mwendo ukipungua? Katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gurudumu la motakaa ndogo huzunguka kama mara 14 kwa sekunde moja. Vyuma vya usukani na vya magurudumu ya mbele vina mdundo wao wa asili, kama pembea ya watoto. Ukiisukuma pembea kwa wakati wake, msukumo mdogo huipeleka juu sana. Ukisukuma nje ya wakati, haiendi. Ndivyo ilivyo motakaa.

Sasa turudi kwa mwalimu wetu. Diski ilitokaje kuwa sawa ikawa nene huku na nyembamba huku kwa miezi minne?

Jibu liko katika kutu. Fundi alipoitoa diski ya zamani, uso wa habu ulikuwa na magamba ya kutu, naye akaiweka diski mpya juu yake vivyo hivyo. Chukua gamba moja lenye unene wa karatasi ya daftari, kama milimita 0.1. Likikaa ukingoni mwa habu yenye upana wa sentimita 14, na diski ina upana wa sentimita 28, basi ukingo wa diski huyumba kiasi cha milimita 0.2. Watengenezaji wengi hawakubali myumbo upitao milimita 0.05 hadi 0.1. Siku ya kwanza hutaona neno, kwa kuwa unene wa diski ni ule ule pande zote, na kalipa hufuata myumbo wake bila kelele. Lakini hata usiposhika breki, sehemu ile iyumbayo huigusa pedi kidogo kila mzunguko, na kila mguso huisugua. Hesabu mizunguko ya safari moja ya Mombo mpaka Lushoto na kurudi, kisha uizidishe kwa miezi minne. Mwishowe diski imeliwa mahali pamoja kuliko pengine, ndipo usukani huanza kucheza. Fundi huitazama, akasema imepinda, akaleta mpya, akaiweka juu ya kutu ile ile. Na kutu haikosekani kwetu, hasa kwa motakaa zilizokaa Tanga au mahali pengine karibu na chumvi ya bahari kabla ya kupanda bara.

Sababu ya pili ifanyayo kazi ile ile ni kukaza nati za gurudumu bila utaratibu. Siku hizi katika gereji nyingi vijana hukaza kwa bunduki ya upepo, nati moja mpaka mwisho, kisha ya jirani yake, mpaka bunduki ichoke. Diski hubanwa zaidi upande mmoja, ikayumba. Mimi siipendi bunduki ile kwa kazi ya kukaza. Kwa kufungua ni njema.

Ya tatu yawahusu sana wakaao milimani. Dereva ashukaye kutoka Lushoto, au katika mteremko wa Kitonga kule Iringa, akiwa ameacha gia kubwa na kuutegemea mguu wa breki njia nzima, hufika chini diski zikiwa za moto mno. Kisha husimama kununua machungwa, na mguu bado umekanyaga kwa nguvu. Pedi iliyo moto hukaa imegandamana na diski mahali pamoja, ikaacha alama yake, kama pasi ya makaa iachavyo alama juu ya nguo. Alama hiyo hushika breki zaidi kuliko sehemu nyingine, na kwa kushika zaidi hupata moto zaidi, na kwa moto hujiongezea mabaki. Ikiachwa hivyo muda mrefu, chuma kilicho chini yake hubadili tabia, kikawa kigumu kuliko jirani yake, na hapo msasa hauwezi tena.

Walakini wasomaji wengine wenye motakaa itetemekayo wasikimbilie kusema, "Na mimi ni kutu." Mtetemeko una wazazi wengi. Kabla ya kutoa shilingi moja, yafaa mwenye motakaa aichunguze mwenyewe kwa utulivu, ili amwendee fundi na habari badala ya hofu.

Jambo la kwanza la kuuliza: je, hutetemeka hata usiposhika breki? Ikiwa ndiyo, basi breki haina hatia. Tazama magurudumu. Huenda risasi ya kusawazishia imeanguka, na dawa ni kuyabalansi tena. Huenda tairi imevimba ubavuni. Na baada ya masika mara nyingi ni udongo tu uliokauka ndani ya rimu. Nimewahi kumwona padre mmoja akitoa udongo wa kujaza kofia nzima, na motakaa ikatulia siku hiyo hiyo bila fundi.

Ikiwa hutetemeka wakati wa breki peke yake, angalia wapi. Mikono ikitikiswa na usukani, ubaya kwa kawaida uko mbele. Usukani ukitulia lakini kiti na sakafu vikitikisika, tazama nyuma. Wenye breki ya mkono ya kuvuta, iunganayo na ngoma za nyuma, wanaweza kujaribu hivi: katika njia iliyonyoka, tupu na kavu, kwa mwendo wa kilomita 40, bonyeza kitufe cha mkono usikiachie, uvute polepole sana. Ikitetemeka, ngoma za nyuma si duara kamili. Wenye breki ya mkono ya umeme wasijaribu kabisa, na wenye diski nyuma wajue ya kuwa mara nyingi breki yao ya mkono ina viatu vyake mbali, haitasema neno juu ya diski.

Tena yuko mtetemeko ambao si ugonjwa. Motakaa za siku hizi nyingi zina chombo kizuiacho magurudumu yasijifunge, kiitwacho ABS. Ukikanyaga kwa nguvu juu ya changarawe au lami iliyolowa, kanyagio litapigapiga chini ya mguu kwa sauti ya kukwaruza. Usiogope, wala usiondoe mguu. Endelea kukanyaga na kuongoza usukani. Wako madereva walioachia kwa hofu wakaingia mtaroni.

Na hapa nasema kwa mkazo, maana roho za watu zimo. Ikiwa mtetemeko umetokea ghafula, leo upo na jana haukuwapo, au una mlio wa kugonga, simama kando upesi uzitazame nati za magurudumu. Nati zilizolegea hutetemesha vile vile, na mwisho wake ni gurudumu kukutangulia barabarani. Kisha motakaa ipandishwe kwa jeki mahali pa tambarare, iwekewe vigogo imara, na gurudumu lishikwe juu na chini, litikiswe. Likicheza, yawezekana ni beringi au maungio ya chini yaliyolika. Lishikwe kushoto na kulia. Likicheza, tazama fimbo za usukani. Maungio hayo yakivunjika gurudumu hulala ubavu. Asipande mtoto hata mmoja mpaka yatengenezwe, na iwapo kwaya inangoja kuchukuliwa Jumapili, iende kwa miguu. Bushi za mpira zilizochoka hazina hatari ya namna hiyo, lakini huufanya mtetemeko mdogo uonekane mkubwa.

Sasa, mwalimu, yakikutwa hayo yote kuwa salama, rudi kwa fundi. Usiende kwa ugomvi. Mwambie, "Shikamoo, fundi. Naomba leo tusinunue kitu kwanza. Tutoe diski, tuitazame habu." Fundi mwema hatachukia. Gurudumu na kalipa vikishatolewa, kalipa itundikwe kwa waya isining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Diski itolewe, na uso wa habu usuguliwe kwa burashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, hasa kuzunguka misumari ya nati, ambako kutu hujificha. Sehemu ya ndani ya diski inayokaa juu ya habu isuguliwe vile vile. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa, maana si jema kwa mapafu, na pedi za zamani zilikuwa na asbesto.

Diski irudishwe, ifungwe kwa nati zote, ndipo ipimwe kwa saa ya kupimia, yaani kile chombo chenye mshale ambacho ncha yake huigusa diski kama sentimita moja kutoka ukingoni. Izungushwe polepole kwa mkono. Mshale ukitembea kupita kiasi, pawekwe alama ya chaki juu ya diski na juu ya habu mahali palipoinuka, kisha diski itolewe, isogezwe tundu moja, ipimwe tena. Mwinuko ukihama pamoja na diski, diski ndiyo yenye kosa. Ukibaki pale pale penye alama ya habu, habu au beringi yake ndiyo yenye kosa, na hapo hata ungenunua diski kumi ungepoteza fedha. Nionavyo mimi, dakika hizo chache zina thamani kuliko yote niliyoandika leo. Fundi asiye na saa hiyo atafute wa kumwazima, kwa kuwa jicho halipimi sehemu za milimita.

Diski zako zilizokwisha kuliwa visivyo sawa zaweza kukerezwa kwenye mashine, pande zote mbili, ya kushoto na ya kulia pamoja, ikiwa unene utakaobaki hautapungua kile kipimo kilichochongwa juu ya diski yenyewe. Ukipungua, zitupwe, diski nyembamba haistahimili moto, nayo yaweza kupasuka. Pini za kalipa zitelezazo zisafishwe na kupakwa grisi yake maalumu, kwa maana pini iliyoganda huifanya pedi isugue daima. Pedi zibadilishwe pande zote mbili kwa pamoja.

Nati zikazwe kwa mkono kwanza, kisha kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kuvuka: ya juu, kisha ya upande wa pili, kama achoraye nyota, kwa awamu mbili au tatu. Kipimo chake kimo katika kitabu cha motakaa. Toyota Corolla nyingi, kwa mfano, hutaka nyutonimita 103. Baada ya kilomita mia hivi, zipimwe tena.

Mwisho, pedi mpya zifundishwe kazi. Katika njia tupu, nenda kilomita 50 kwa saa, shika breki kwa nguvu ya kadiri mpaka mwendo wa 10 hivi, usisimame; nenda tena, ushike tena, kama mara kumi. Kisha endesha dakika chache bila kushika breki ili zipoe. Hivyo pedi hupaka diski sawasawa pande zote. Hata yule mwenye alama za moto zilizo changa aweza kuziondoa kwa njia hii, asihitaji kukereza.

Na katika mteremko wa kwenu, shuka kwa gia ndogo tangu juu, kabla mwendo haujakua. Wenye gia za kujibadilisha waweke 2 au L. Shika breki kwa nguvu kidogo, uachie, zipate kupumua. Ukiona kanyagio limekuwa laini na kuzama, mafuta ya breki yamechemka: punguza mwendo kwa gia na usimame kando mpaka zipoe nusu saa au zaidi. Ukifika Mombo, usisimame mara moja ukikanyaga. Endelea kilomita moja au mbili penye tambarare. Kisha weka gia, zima, utie jiwe chini ya gurudumu, uondoe mguu.

Mwalimu akisha kuipima habu, naomba atuandikie alichokikuta. Na yule mama wa Korogwe aliyeuliza habari za betri ifayo kila asubuhi ya baridi, barua yake ninayo. Nitamjibu mwezi ujao.